Aliyekuwa Akimaliza Chaji

Kicheza muziki kilifika siku ya Jumanne, kimefichwa ndani ya soksi mpya, zawadi ya dada mkubwa kwa mama yao. Kilikuwa kidogo kama kiberiti, na waya wake wa kuweka masikioni umezungushwa vizuri. Dada mkubwa alikuwa muuguzi mbali huko, na huu ulikuwa mwaka wa sita hajarudi. Mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi, alikuwa mshonaji wa sare za shule. Yeye ndiye aliyebaki na mama tangu macho ya mama yalipoingia giza.

Kila asubuhi Kitinda alimwogesha mama, akamvalisha, akamwongoza hadi kwenye kiti kando ya cherehani. Hapo mama alichambua vifungo kwa vidole, vya mashati huku, vya sketi kule, na mdomo haukupumzika. Alisimulia nani alimkimbia nani siku ya harusi, na jinsi baba yao alivyonunua viatu viwili vya mguu mmoja. Kitinda alicheka mpaka mshono ukaenda upande. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini saa zile aliziona ni zake peke yake.

Kicheza muziki kikazimeza zote.

Dada mkubwa alikuwa amejaza humo nyimbo za ujana wa mama, na kati ya wimbo na wimbo ameingiza sauti yake. Mama alitabasamu peke yake, akapiga paja, akajibu kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya barabara.

"Eeh, mwanangu! Nakumbuka!"

"Unasemaje, mama?" Kitinda aliuliza siku ya kwanza, akasimamisha cherehani.

"Si wewe. Naongea na dada yako."

Maneno mawili tu, si wewe, yakamkaa Kitinda kooni kama mwiba wa samaki. Alishona kola tatu siku hiyo, akazifumua zote tatu.

Mwanzoni chaji iliisha mnamo saa nane mchana. Mama alitoa waya masikioni na kusema, "Basi, ameondoka." Halafu akarudia vifungo vyake na hadithi zake, na Kitinda akapata mama yake hadi jioni. Akaanza kuingoja saa nane kama anayengojea mgeni aondoke. Baadaye akachoka kungoja.

Hakukivunja. Angeona haya kukivunja. Alifanya vitu vidogo vidogo tu. Aliongeza mwanga wa kioo hadi mwisho na kukiacha kiwake muda wote. Aliwasha ile alama ya buluu ya kuunganisha spika isiyo na waya, ingawa spika yenyewe hawakuwa nayo. Asubuhi alikichomoa kwenye umeme kabla hakijajaa, kisha akakiweka dirishani, jua likakipiga. Wiki ya pili ilipokwisha, kilikuwa kinazimika saa nne asubuhi.

"Betri mbovu," alimwambia mama. "Dada hakuangalia alichonunua."

Alidhani mama atarudi kwake. Mama hakurudi. Alikaa amekishika kicheza muziki kwa mikono miwili, akikibonya, akikitikisa, akikiweka tena sikioni. Vifungo vikabaki kwenye kopo. Chakula cha mchana alikila nusu. Mteja mmoja alipokuja kuchukua sketi na kumsalimu, mama alimwambia, "Mwanangu mkubwa siku hizi ananikatia maneno. Sijui nimemkosea nini."

Kitinda alisikia. Alikuwa na pini tatu midomoni, akashukuru kwamba hangeweza kusema. Kesho yake alikifunga kicheza muziki ndani ya leso akaenda nacho kwa fundi wa redio.

Fundi alikuwa mwanamke mnene, lenzi imefungwa kwenye kipaji cha uso. Alikipima, akakiwasha, akaguna.

"Betri nzima kabisa, mdogo wangu. Hii inaliwa na mipangilio. Nani amewasha makorokoro yote haya?"

"Labda mama. Haoni vizuri."

Fundi akapandisha lenzi, akamtazama. "Asiyeona anawasha mwanga wote huu wa nini?"

Kitinda akaangalia sakafu. Fundi hakumkamua zaidi. Alimvuta karibu akamwonyesha kitufe kwa kitufe.

"Mwanga shusha mpaka chini, na kioo kijizime baada ya sekunde kumi. Hii ya buluu zima, haina kazi kwenu. Sauti isizidi nusu, atasikia tu. Nyimbo aziache zifuatane, asirukeruke, kila akiruka kinaamka upya. Na joto ndilo adui yake mkubwa, msikiweke juani wala chini ya mto. Kichajini msingoje kife kabisa. Kikibaki robo, chomeka. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Ngoja tukijaribu."

Alimpa upande mmoja wa waya. Kitinda hakuwahi kukisikiliza, hata mara moja. Wimbo uliisha, na sauti ya dada yake ikaja, karibu sana, kama imemwinamia sikioni.

"Mama, nani kakuchana leo? Najua ni yeye. Mimi huku nachana nywele za mama za watu siku nzima. Narudi chumbani nimenuna, nasema, ana bahati yule, ana bahati. Haya, sikiliza huu sasa."

Kitinda alifurahi. Ilikuwa furaha mbaya, ya mtu aliyemwona mwenzake naye ameungua, na ikamtia aibu papo hapo mbele ya fundi, ambaye alikuwa akifuta meza tu.

Alipofika nyumbani hakuzunguka.

"Mama, betri ni nzima. Ni mimi niliyekuwa naimaliza. Makusudi."

Mama aliinua kichwa. Halafu uso wake ukakunjamana kwa hasira ambayo Kitinda hakuwa ameiona tangu utotoni.

"Umeninyang'anya mwanangu?"

"Na mimi je? Mimi si mwanao? Kutwa nzima dada, dada, mimi niko hapa kama kiti!"

"Kwa sababu uko hapa!" mama alipaza sauti. "Nitakukumbukaje wewe, nawe uko hapa? Yule nisipomsikia, ananitoka. Uso wake umeshanitoka. Imebaki sauti."

Hawakusemeshana hadi jioni. Kitinda alikata vitambaa, na katika mabaki ya buluu akashona kifuko chenye tundu la waya, akakining'iniza mgongoni mwa kiti, upande usiofikiwa na jua. Mama alikipapasa, akapima mshono kwa ukucha.

"Umeshona ukiwa umekasirika," alisema. "Umebana mno."

"Nifumue?"

"Acha. Kitalegea."

Tangu hapo chaji ilifika hadi jioni, siku nyingine ikabaki. Iliyobaki ilitoka kwa mama mwenyewe, maana alianza kukizima wakati wa chakula, akisema hawezi kutafuna huku anaimbiwa. Wivu wa Kitinda haukuisha. Mama alipojibu kwa sauti kubwa, bado kitu kilimchoma chini ya mbavu. Ila sasa cherehani iliendelea kukimbia.

Jumapili dada mkubwa alipiga simu.

"Kile kidude kinafanya kazi? Niliogopa betri."

"Kinafanya. Ilikuwa mipangilio tu."

Kisha dada mkubwa akauliza, sauti imeshuka, "Ananitaja?"

Kitinda angeweza kusema, "Mara mojamoja." Neno lilikuwa limeshafika ulimini.

"Kila siku," alisema. "Ngoja nikupe umsikie."

Akamwekea mama simu sikioni, akatoka uani kuanua mashati.