Ukurasa wa Zamu B

Barua ya msajili wa hataza ilimkuta Naima akila chapati ofisini, na chapati yenyewe hakuimaliza. Ilikuwa barua fupi, ya kistaarabu, yenye mhuri mkubwa. Ilisema kwamba maombi yake ya hataza ya kisanduku cha kupunguza ucheleweshaji katika mitambo ya mawasiliano yanagongana na maombi mengine, yaliyofika wiki tatu kabla ya yake. Kuanzia dai la tatu mpaka la saba, maelezo yanafanana kana kwamba yameandikwa na mtu mmoja. Kila mwombaji alete ushahidi wa siku aliyoanza kukibuni. Na ikionekana kwamba aliyebuni ni mtu wa tatu, maombi yote mawili yatatupwa.

Chini kabisa palikuwa na jina la mwombaji mwenzake. Augustine.

Naima alikwenda chooni akatema mate. Hakuwa mgonjwa, kilikuwa kinyaa tu, kile kinachoanzia kooni na kukataa kushuka. Augustine huyo alifanya naye kazi miaka minne kwenye kituo cha Temeke, kabla serikali haijakiuza na kila mtu kutafuta pa kujishikiza. Huyu ndiye bwana aliyekuwa akifungua friji ya kituo, akala chakula cha mwenzake, kisha akaosha bakuli na kulirudisha kwa shukrani. Sasa alivaa tai, alining'iniza simu ya mkononi kiunoni, na alikuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya washindani.

Kisanduku chenyewe hakikuwa uchawi. Mwaka tisini na tatu, taarifa za benki zilitoka Temeke, zikapanda kwenye setilaiti, zikashuka Mwanza. Mtambo ulituma kipande kimoja, kisha ukakaa kimya kungoja Mwanza ijibu "nimepokea", ndipo utume cha pili. Ni kama saidia fundi anayerusha matofali juu ya jukwaa na hataki kurusha la pili mpaka fundi apige kelele kwamba amedaka la kwanza. Kwenda na kurudi ilikuwa zaidi ya nusu sekunde, na vipande vilikuwa maelfu. Wateja walitukana. Kisanduku kilikaa hapo hapo Temeke, kikajibu "nimepokea" kwa niaba ya Mwanza, huku kikitunza kila kipande ili kama Mwanza haikupata, kirudie. Foleni ikaisha.

Jioni Naima alimpigia Augustine simu. Hakumwamkia wala hakumuuliza hali.

"Umeiba kazi yangu na huoni hata haya."

Augustine akacheka kile kicheko chake cha puani. "Sista, punguza jazba. Sie wote tulikuwaga tunasoma daftari moja. Wewe umesoma, mie nimesoma. Sasa mwizi nani hapo?"

Naima akakata simu, akatoa leso na kuipangusa, pale pa kusikilizia na pale pa kusemea.

Lakini lile neno daftari lilimfungua macho. Pale kituoni palikuwa na desturi: yeyote aliyetatua tatizo aliliandika kwenye daftari la zamu, ili wanaoingia wasihangaike upya. Jina halikuandikwa. Juu ya ukurasa uliandika Zamu A au Zamu B, basi. Kuandika jina lako yalikuwa majivuno, na mkuu wa kituo wa wakati huo alikuwa na tabia ya kumnakilisha upya mwenye majivuno ukurasa mzima mbele ya wenzake. Naima alikuwa Zamu B. Augustine alikuwa Zamu A. Ukurasa mmoja wenye tarehe na neno Zamu B ungemfuta Augustine kama chaki.

Ni kweli kwamba siku kisanduku kilipobuniwa Naima alikuwa zamu pamoja na Mzee Mfaume, mwenzake wa Zamu B. Yeye alishika mita, mzee akafikiri. Lakini baadaye ni Naima aliyekaa miaka miwili akichora, akipiga hesabu, akiunguza saketi na vidole. Hilo nalo lilikuwa kweli, na alijikumbusha mara nyingi mpaka ikawa ndiyo kweli pekee iliyobaki.

Kituo kilipouzwa, makaratasi yake yaliishia kufungia karanga. Yaliyonusurika ni madaftari ya Zamu B, kwa sababu Mzee Mfaume, siku aliyopewa barua ya kupunguzwa kazi, aliyabeba kwenye mfuko wa rambo akaenda nayo kwake Kiwalani. Jumamosi asubuhi Naima akamfuata.

Uchochoro ulinuka. Mtu alikuwa amefungulia choo chake mferejini kwa kuwa juzi mvua ilinyesha, na maji meusi yalipita mbele ya milango watu wakiwa wanakunywa chai. Naima alikusanya gauni, akaziba pua kwa mtandio, akapita akimlaani Augustine kwa kila tope lililomrukia. Hasira yake yote alimtwisha yule bwana, hata ya mvua.

Mzee Mfaume alikuwa barazani akipima mkaa kwa kopo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba! Naima? Hebu ondoa huo mtandio nikuone. Hija! Njoo umwone binti wa Zamu B!"

Hija, mke wa mwanawe, akatokea na mwiko mkononi. Mzee alimshika Naima mikono yote miwili, ikajaa masizi, na hakuiachia upesi. Naima akaeleza shida yake: ana mgogoro serikalini, anataka ukurasa wa kile kisanduku cha Mwanza. Mzee hakuuliza mgogoro gani. Aliingia ndani kwa furaha ya kitoto, akarudi na daftari lililoliwa pembe na mende, akalifungua pale pale bila kutafuta.

"Hiki hapa. Bado kinafanya kazi?"

"Kinafanya kazi, mzee."

"Umesikia, Hija?"

Hija akacheka. "Kumbe kweli, baba? Sie hapa mtaani tunajuaga ulikuwa unafagia tu kule."

Mzee hakucheka. Naima akainama kusoma. Tarehe kumi na nne Juni tisini na tatu. Zamu B. Mchoro, maelezo, mishale, yote kwa mwandiko wa mzee uliolala upande. Lilikuwa dai la tatu mpaka la saba, hakuna lililopungua. Na pembeni chini, kwa herufi ndogo zilizobanana kama zinajificha: *Amebuni Mfaume Kondo.*

"Hilo nilishindwa kujizuia," mzee akasema, akaona haya. "Miaka yote naandika zamu, zamu. Siku ile nikasema hapana, hii moja ni yangu. Nikaandika kidogo ili mkuu asione."



"Huko serikalini, kama kuna mahali pa kutaja majina, nitaje na mie. Sitaki chochote. Nitaje tu. Na unitolee nakala, niibandike pale sebuleni watu waone."

"Nitakutaja, mzee."

Alilisema upesi, na lilitoka laini kiasi cha kumshangaza mwenyewe. Hija akamletea soda, akainywa yote, akaondoka na daftari.

Duka la fotokopi lilikuwa Sinza, jirani na anapokaa, katikati ya baa mbili. Tunu, binti wa dukani, aliulaza ukurasa juu ya kioo, akaangalia, akamgeukia.

"Dada, hapa pembeni pana jina la mtu. Niliache?"

Naima aliangalia lile jina. Akaikumbuka barua ya msajili, ile sentensi ya mtu wa tatu. Akamfikiria Augustine, akamtafutia kinyaa kile cha siku zote, akakipata, lakini safari hii hakikumwendea Augustine. Kilikaa pale pale kooni, na hapakuwa na wa kumtemea. Aliangalia mikono yake. Masizi ya mzee yalikuwa bado kwenye mistari ya viganja.

"Toa mbili," akasema. "Moja weka kikaratasi hapo pembeni, jina lisionekane. Ya pili iache kama ilivyo."

Tunu akakata kikaratasi cheupe, akakibandika juu ya jina, akakilainisha kwa kidole gumba. Mashine ikaunguruma. Nakala ya kwanza ikatoka na pembe nyeupe, safi, kama mahali ambapo hapajawahi kuandikwa kitu. Akabandua kikaratasi, akatoa ya pili.

"Niziweke pamoja?"

"Hapana," Naima akasema. "Bahasha mbili. Na usizichanganye."