Kiguu Ajifungia Nje

Ofisi nzima ilimwita Kiguu, kwa kuwa alikuwa kiguu na njia. Printa ikigoma ghorofa ya tatu, Kiguu. Mhasibu akisahau neno lake la siri kwa mara ya nne wiki hiyo hiyo, Kiguu. Miaka mitano binti huyo alipanda na kushuka ngazi za kampuni ile ya kusambaza dawa, vidole vimetapakaa wino, na hata alipokosa wa kumwita, miguu yake ilitetema chini ya meza kama cherehani iliyosahauliwa kuzimwa.

Alichokitamani kilikuwa chumba kimoja tu: chumba cha seva, zile kompyuta kuu za kampuni, mwisho wa ukumbi, chenye baridi na mlango wa chuma. Huko alitawala mwanamke wa makamo ambaye wote walimwita Mama Seva, mwenye maneno machache na kila moja na uzito wake. Sasa msaidizi wake alikuwa ameondoka, na tangazo likabandikwa ubaoni: nafasi moja, kwa mtu wa ndani anayeijua Linux.

Linux ndiyo iliyommalizia Kiguu Jumamosi zake zote kwa miaka miwili. Ni mfumo unaoendesha seva, na huko chumbani hauna picha za kubofya wala madoido. Ni kioo cheusi na maneno yako. Ukisema sawasawa unatii. Ukikosea herufi unakununia. Ukisema upumbavu kwa ufasaha, unautenda upumbavu huo bila kukuuliza mara mbili. Mwalimu wake chuoni alikataza kunakili: kila amri iandikwe daftarini kwa mkono, isemwe kwa mdomo, ndipo ichapwe. Wanafunzi walimsengenya kwamba anafundisha chekechea.

Asubuhi ya usaili, dada yake, fundi cherehani aliyekuwa akiishi naye, alimtazama akizunguka meza.

"Elimu ni bahari, mdogo wangu, sikatai," alisema, uzi ukiwa mdomoni. "Lakini wewe mwaka wa pili huu unapiga mbizi, na bado unarudi nyumbani na wino."

"Leo wananijaribu, dada."

"Wanakijaribu cheti?"

"Wananijaribu mimi."

"Basi kaa unywe chai. Unazunguka kama aliyepoteza sindano. Mimi kushona nimejifunza kwa kufumua, sikuonyeshwa karatasi na mtu."

Kiguu alikunywa chai amesimama, ikamuunguza ulimi. Kilichomkera si maneno ya dada yake. Kilichomkera ni kwamba yalikuwa na ukweli. Mwenzake mmoja wa darasani alikuwa na vyeti vitatu na alikuwa akiuza makava ya simu. Na yule msaidizi aliyeondoka alikalia kiti kile miaka tisa. Nafasi ya leo ikimponyoka, atabadilisha wino mpaka nywele ziote mvi.

Walikuwa wawili tu waliojitokeza. Wa pili ni jirani yake wa meza, kijana mwenye tabasamu la kudumu aliyejipa mwenyewe jina la Mtaalamu. Hakuwahi kukanyaga darasa la kompyuta na alijivunia jambo hilo kama mwingine anavyojivunia shahada.

"Umekuja na bahasha ya cheti?" alimnong'oneza Kiguu mlangoni mwa chumba cha mikutano. "Yangu mimi ni mtandao tu. Kila kitu kimo humo."

"Hata adabu?" Kiguu akamjibu.

Mama Seva aliwakalisha kila mmoja mbele ya kompyuta yake. Bahasha ya Kiguu aliipokea, akaiweka mezani bila kuifungua.

"Kuna mashine mbili za majaribio ghalani, upande wa pili wa mji," alisema. "Namba moja ya Mtaalamu, namba mbili ya Kiguu. Mtaziingia kutokea hapa, kwa mtandao. Kila mashine ina milango mingi ya mtandao. Nataka miwili tu ibaki wazi: ule wa mfumo wa dawa, na ule ambao sisi mafundi tunaingilia. Mnayo nusu saa. Na hakuna kuzima na kuwasha. Zitendeeni kama zina hospitali zinazozisubiri. Anzeni."

Vidole vya Kiguu vilianza kabla akili haijaketi. Somo hili alilijua usingizini. Mwalimu aliwaimbisha: funga yote kwanza, kisha fungua unachohitaji. Alichapa amri ya kufunga yote na kubonyeza.

Kioo kikaganda.

Alibonyeza tena. Kimya. Akachapa herufi yoyote, haikutokea. Kisha akaelewa. Chuoni, mashine ilikuwa magotini pake. Alikuwa ndani ya nyumba akifunga milango, na kujifunga ndani si hasara. Leo yeye alikuwa upande wa pili wa mji, ameingia kwa mlango mmoja kati ya ile ile aliyoamuru ifungwe. Alikuwa amejifungia nje, na ufunguo ameuacha mezani ndani.

Mtaalamu alichungulia, akaona. "Pole... eti mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," akacheka chini kwa chini, akarudi kwenye kazi yake iliyokuwa ikimwendea kama maji mteremkoni.

Kiguu alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Una shida?" aliuliza Mama Seva.

"Nimejifungia nje." Alilisema haraka kabla woga haujalimeza. "Naruhusiwa kupiga simu ghalani?"

"Kwani kazini huwa hupigi simu?"

Aliipiga, akitembea huku na huko nyuma ya viti.

"Ghala."

"Shikamoo, mzee wangu. Ni Kiguu."

"Marahaba, binti. Printa yangu leo ni nzima, sijakuita."

"Leo mimi ndiye ninayekuita. Pale kwenye kona pana mashine mbili. Nenda kwenye namba mbili, uvute kiti."

"Nikae nifanye nini?"

"Uwe vidole vyangu."

Mtunza ghala alicheka mpaka akakohoa. Kiti kikasikika kikiburutwa. "Binti, kioo hiki cheusi. Kimeharibika."

"Hakijaharibika, ndivyo kilivyozaliwa. Andika jina nitakalokutajia, kisha kitakuuliza neno la siri."

Alilitaja neno la siri herufi kwa herufi, mbele ya wote. Mama Seva akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kiguu alikiona, akaendelea.

"Naandika hakitoki kitu," alilalamika mtunza ghala. "Kibodi imekufa."

"Haijafa. Neno la siri halionyeshwi, hata nukta. Wewe andika, kinakuona."

"Kinaniona mimi?"

"Kinaona unachoandika, mzee wangu."

"Haya. Kimekataa."

Wakarudia. Kimekataa. Wakarudia tena, polepole. Kimekataa. Saa ya ukutani ilikuwa imekula dakika kumi na tisa. Mtaalamu alijinyoosha, akatangaza kwamba amemaliza, akaegemea kiti.

Kiguu alifumba macho. Hili hakulifundishwa Jumamosi yoyote. Lakini mhasibu wa ghorofa ya tatu alilifanya kila Jumatatu ya Mungu.

"Mzee wangu, juu kulia kwenye kibodi, kuna ka-taa kadogo kanawaka?"

"Kapo. Ka kijani."

"Kushoto kuna kitufe cha herufi kubwa. Kibonyeze mara moja. Kamezimika?"

"Kamezimika."

"Andika upya."

Vitufe vikasikika vikigongwa. Kisha sauti ikapanda: "Lahaula! Kimenifungulia! Maandishi tele!"

Sasa ilibaki amri yenyewe, ya kuifungua upya milango yote. Kiguu hakuwa na kioo cha kutazama, ila aliuona ukurasa wa daftari lake, mwandiko wake mwenyewe, na doa la chai pembeni. Akaanza kuusoma hewani. Neno. Nafasi. Kistari.

"Kipi, cha juu au cha chini?"

"Cha kati. Jirani na sifuri."

"Nimekipata, kimejificha mjinga huyu."

Wakaenda neno kwa neno. Mwishoni akamwomba amsomee yote, na mtunza ghala akasoma kwa uangalifu wa mtu anayesoma barua ya mkwe.

"Bonyeza."

"Nimebonyeza. Hakijasema kitu, binti. Kimeninyamazia."

"Kikinyamaza, kimekubali. Mungu akuweke."

Alirukia kiti chake. Kioo kilishtuka, kikaamka. Zilibaki dakika saba. Safari hii aliufungua kwanza mlango wa mafundi, kisha ule wa dawa, na mwisho kabisa akafunga iliyosalia. Akabadilisha lile neno la siri alilolipigia mbiu. Akaenda kompyuta ya pembeni, akajaribu kuingia upya kama mgeni, akaingia. Ndipo akasema, "Tayari," wala hakujua kwamba alikuwa amesimama kwa mguu mmoja.

Mama Seva alikagua mashine zote mbili. Zote zilikuwa na milango miwili wazi, sawasawa.

"Mtaalamu," alisema. "Mstari wa tatu wa kazi yako unafanya nini?"

Mtaalamu akausoma. Akausoma tena. "Unafanya kazi, mama."

"Naona. Unafanya kazi gani?"

"Nimeunakili mtandaoni, kwa wanaojua." Tabasamu lilianza kumkauka. "Lakini mimi sikujifungia nje."

"Kweli. Hukukosea, na hujui kwa nini." Akamgeukia Kiguu. "Wewe umefanya kosa la siku ya kwanza, na umetangaza neno la siri chumba kizima."

"Ndiyo, mama."

"Utaanza Jumatatu. Miezi mitatu ya majaribio, na ukinizoea vibaya nakurudisha kwenye wino."

Kiguu aliitazama bahasha yake. Miaka miwili ya Jumamosi ilikuwa imelala pale mezani, bado imefungwa kwa gundi. "Hutaki hata kukiangalia cheti?"

"Nimekisikia chote. Ulikuwa unamsomea mtunza ghala." Mama Seva alimsogezea kibodi. "Sasa kaa. Niandikie taarifa: nani alijifungia nje, saa ngapi, kwa amri ipi, na nani alikufundisha kuanza na amri hiyo. Usimfiche, wala usimtupie mzigo wote. Vidole ni vyako."

Kiguu aliketi. Aliandika jina lake, akalitazama. Akaandika jina la mwalimu, akalifuta, akalirudisha. Chini ya meza miguu ilikuwa imekwisha anza safari yake, na Mtaalamu, aliyekuwa bado hajainuka, alisogeza kiti chake kidogo ili asipigwe teke.