Bega la Baba Mkwe

Mzee Asukile alikuwa ameapa kwamba mwanawe haoi mpaka mkono wake wa kulia uinuke tena. "Nitachinjaje ng'ombe wa harusi kwa mkono mmoja? Watu wanicheke?" Basi mwaka ule wa 1957 harusi ya Yudith, mchumba wa kijana huyo, ikawa imelala kwenye bega la baba mkwe. Bega lenyewe likapelekwa hospitali ya misheni, vilimani Mbeya, ambako Yudith huyohuyo alikuwa mhudumu.

Daktari alikuwa amepata mashine mpya. Ilitoa mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, na kazi yake ilikuwa kuisukuma dawa ipenye ngozi mpaka ndani ya nyama. Yudith apake mafuta ya dawa begani, kisha Crispin, dresa wa kufunga vidonda kutoka Iringa, apitishe kichwa cha mashine juu yake.

"Inaimba bila kusikika?" mzee akauliza. "Kama yule Liberatus wa kwaya yetu, anayefungua mdomo tu."

Lakini kwa Wanyakyusa, binti aliyeposwa hamtazami baba mkwe, sembuse kumgusa. Yudith aliacha kikopo cha mafuta kwenye kigoda, akajificha nyuma ya pazia. Mzee akajipaka kwa mkono wa kushoto, mbele, alikoweza kufika. Maumivu yalikuwa nyuma. Crispin akapitisha mashine huko nyuma, pakavu.

"Kaka Crispin, si umpake wewe?" Yudith alinong'ona siku moja.

"Kupakana mafuta ni kazi ya wanawake. Mimi ni mtu wa mashine."

Wiki mbili zikapita, mkono haukusogea. Daktari akasema mzee asipopata nafuu mwisho wa mwezi, arudishwe nyumbani.

Yudith akimgusa, harusi imekufa. Asipomgusa, imekufa vilevile. Asubuhi iliyofuata, Crispin alipotoka kwenda kuwasha jenereta, Yudith alichota mafuta kwa vidole viwili, akakipaka kichwa cha mashine kwa unene kama siagi kwenye mkate. Mzee alipoingia, yeye alikuwa nyuma ya pazia.

"Mbona leo inateleza?" mzee akauliza.

"Imeshanizoea," Crispin akajibu.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Kabla mwezi haujaisha, mzee aligusa kizingiti cha juu cha mlango. "Niliwaambia! Mafuta yale upuuzi mtupu. Mashine ndiyo dawa." Daktari akamwandikia Crispin barua ya sifa.

Siku ya harusi mzee alichinja mwenyewe, na paja zima akampa Crispin. Kisha akawaambia wageni, "Na binti huyu ana adabu. Angenigusa hata kwa kidole, ningevunja uchumba siku hiyohiyo."

Yudith alikuwa amefunikwa shuka mpaka kichwani, asimwone baba mkwe. Mabega yakaanza kumtetemeka kwa kicheko. Shangazi yake, Damari, akamwinamia sikioni.

"Lia polepole, mwanangu. Utazoea."