Kichuguu Kilichogawa Maji

Saa tisa na dakika kumi alasiri, siku ya Alhamisi, maji yalifika kwenye ukuta wa chumba cha kulala na kusimama hapo. Mvua ilidumu dakika ishirini na mbili. Ilipokatika, Léonard Mumba alichuchumaa akabonyeza tofali la mstari wa chini. Kidole gumba kilizama hadi ukucha wote.

Alikuwa amefyatua matofali kwa miaka kumi na tisa hapa Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Tofali bichi la udongo wa kichuguu huvumilia jua na upepo. Maji yaliyotuama halivumilii. Mvua mbili zaidi za namna hiyo, na ukuta ungelala chini. Ilikuwa Novemba, na msimu wa mvua ndio kwanza ulianza.

Kosa lilikuwa lake. Kichuguu kilisimama kwenye kona ya juu ya kiwanja, kirefu kuliko mlango, na kwa viangazi viwili alikikata hadi usawa wa ardhi. Kilimpa matofali elfu mbili na mia sita, yaani nyumba nzima. Hakuwahi kujiuliza kwa nini mahali alipojenga palikuwa pakavu kila msimu wa mvua. Kichuguu ndicho kilichokuwa kikiyapasua maji ya mteremko na kuyapeleka pembeni.

Mkewe, Julienne, alilieleza jambo hilo kwa njia yake. "Ulikata pua ya parcelle," alisema, akimaanisha kiwanja, huku akitoa godoro nje. "Sasa makamasi inashuka mu chumba."

Ijumaa asubuhi Mumba alichimba mfereji kwa njia fupi, moja kwa moja kuteremka. Saa nne alikuwa amebakiza mita moja kufika mpakani. Kavugho, jirani wa chini, mwanamke wa Butembo anayeuza maharagwe na unga kwa jumla, alitoka kwenye depo yake, ghala la magunia, akasimama mbele ya jembe.

"Papa Mumba, hii maji inaenda wapi?"

"Inashuka tu, mama."

"Inashuka kwangu. Maharagi yangu ilikunywa maji ku shamba. Ilishiba."

Mumba alicheka, kisha akaacha, kwa sababu magunia yalikuwa sabini na sakafu ya depo ilikuwa ya udongo. Kavugho alisema kwao nyumba zote ziko mlimani na hakuna anayechimba kufuata mteremko. Maji hukingwa juu ya nyumba na kupelekwa kando. Watu wa Lubumbashi, aliongeza, kila mwaka huipokea mvua kama mgeni ambaye hakusema kwamba anakuja.

Kutoka kona ya juu hadi mtaro wa barabara zilikuwa mita thelathini na nne. Mumba alikubali kuchimba upya kwa njia hiyo, akaleta mpira wake wa maji, mwembamba na unaoonyesha ndani, akaujaza maji: yanapotulia kwenye ncha zote mbili, huo ndio usawa. Kazi hiyo hutaka watu wawili, na Julienne alikuwa akifukia mfereji wa kwanza. Kavugho alifunga depo, akashika ncha ya pili.

"Usiinue mukono, mama."

"Mukono yangu iko pale pale. Ni parcelle yako inatembea."

Kila mita mbili walishusha upana wa kidole kimoja. Udongo uliochimbwa waliumwaga upande wa chini, wakaushindilia. Walimaliza Jumamosi saa nane mchana.

Mvua ilianza saa tisa na dakika arobaini. Maji yaliingia mferejini mita mbili juu ya nyumba, yakageuka. Kwenye mita ya ishirini yalisimama, yakapanda hadi ukingo wa upande wa depo: hapo sakafu ya mfereji ilikuwa imeachwa juu. Mumba aliingia pekupeku na jembe. Kavugho aliingia na kopo lake la kupimia unga, akachota tope. Julienne, chini ya mwavuli, alimuuliza kama tope leo linauzwa kwa kopo au kwa gunia.

Saa kumi na dakika kumi na mbili maji yalimwagika kwenye mtaro wa barabara. Kavugho alifungua depo, akachukua ufagio, akafagia kandokando ya magunia. Vumbi lilitoka mlangoni.