Dobi Chini ya Blanketi

"Unanipika nikiwa hai," Dobi alilalama kutoka chini ya blanketi.

"Nyamaza uvute," mkewe alimjibu, akikandamiza ncha ya blanketi kwa goti ili mvuke usitoroke. "Ukiongea unapoteza dawa."

Humo ndani mlikuwa na sufuria ya majani ya mkaratusi, maganda ya malimau na vipande vya tangawizi, na juu yake kichwa cha mwanamume aliyewanyooshea watu nguo kwa miaka thelathini. Kikohozi kilikuwa kimepiga kambi kifuani mwake siku ya tano sasa. Mtaa mzima ulikuwa unakohoa, na kila nyumba ilikuwa na sufuria yake. Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, lakini hakuna aliyetaka hata kuitaja.

Mama Dobi hakuwa mjinga, wala mumewe. Wacheke wanaotaka kucheka. Mwezi uliopita kaka yake Dobi alikwenda huko akitembea kwa miguu yake mwenyewe, amevaa suruali aliyonyooshewa na mdogo wake, mkunjo umesimama wima. Ndugu walizuiwa langoni. Siku ya tisa walipigiwa simu, wakamzika ndani ya mfuko usiofunguliwa, bila hata mtu wao mmoja kumwona uso. Tangu hapo Dobi akawa na neno moja tu: afadhali majani. Majani unachemshiwa na mtu unayemjua. Naye mkewe aliyachemsha asubuhi na jioni, maana mikono yake ilipokuwa na kazi hofu ilimpungua.

"Harufu unaisikia?" alimuuliza kila mara, kwa kuwa alishaambiwa kwamba ugonjwa huu huanza kwa kuiba pua.

"Kali hasa! Inanitoboa mpaka utosini."

Basi moyo wake ukatulia.

Siku ya sita Dobi aliamka akidai kwamba amepona. Akawasha mkaa, akaujaza kwenye pasi, akasimama mezani kwake. Mkewe alikuwa uani akianika mashuka. Ndivyo walivyogawana kazi tangu waoane: maji ya mke, moto wa mume. Na moto huo Dobi aliuongoza kwa pua. Hakuwahi kuunguza hata leso. Kitambaa, alipenda kujigamba, hutoa harufu ya mkate kabla hakijaungua. Ukiisikia tu, unainua mkono. Wenye pasi za umeme aliwaita vipofu wa pua.

Harufu iliyomfikia Mama Dobi uani haikuwa ya mkate. Alitupa shuka chini akakimbilia ndani.

Dobi alikuwa amesimama, pasi imetulia juu ya mgongo wa shati jeupe, moshi unampanda usoni. Akatabasamu alipomwona mkewe.

"Mbona mbio hivyo? Umeona nyoka?"

Mama Dobi alimpokonya pasi. Shati lilikuwa na tundu jeusi la kupitisha kichwa. Dobi aliliangalia kama kazi ya mtu mwingine.

"Tangu lini?" mkewe aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto, mume wangu. Pua yako. Tangu lini?"

Dobi alijishusha juu ya kapu la nguo. Kukaa tu kulimfanya aheme juu juu. "Siku ya pili," akasema.

"Na ile 'kali hasa'?"

"Nilikuwa nikisema hivyo unafurahi."

Mama Dobi alitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Hasira zilimpanda, uchungu ukazizidi. Hakumfanyia lolote kati ya hayo mawili. Alikwenda kuchukua viatu.

"Usinipeleke," Dobi alisema kwa sauti ndogo. "Kule nitakuwa peke yangu. Kaka alikuwa peke yake."

"Najua."

"Hapa hata nikifa, nakufa nikiwa na wewe."

"Mimi sitaki ufe na mimi. Nataka ukae na mimi. Nyanyua mguu."

Alimfunga kamba za viatu.

Zile dakika ishirini walizitembea kwa saa nzima, wakipumzika kwenye kila ukuta. Langoni, penye kamba ya kuzuia watu, alitoka muuguzi aliyejifunika gubigubi, anaonekana macho tu.

"Mama, wewe mwisho wako ni hapa kwenye kamba."

Mama Dobi hakubishana. "Sawa, mwanangu. Ila nina neno moja. Huyu ni mwongo. Ukimuuliza hali yake, atakwambia nzuri. Usimwamini."

Muuguzi alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akamshika Dobi mkono wakaingia ndani.

Kulikuwa na dirisha la kioo, na Mama Dobi alijivuta kando ya kamba mpaka akaweza kuona. Mumewe aliketishwa kitandani. Muuguzi aliinama akamuuliza kitu. Dobi akajinyoosha mgongo, akatabasamu, akainua kidole gumba.

Muuguzi aligeuka, akatupa macho nje ya kioo.

Mama Dobi akatikisa kichwa: hapana.

Muuguzi alinyoosha mkono ukutani, akavuta mpira wa hewa ya oksijeni, akaanza kumvisha Dobi puani. Jua lilikuwa kali na kivuli kilikuwa ng'ambo ya barabara. Mama Dobi hakwenda kivulini. Alibaki pale pale kwenye kamba, mbele ya kioo, asije muuguzi akageuka tena na kumkosa.