Kamba ya Aproni

Siku hiyo lori la maziwa lilirudishwa na mtu mwingine. Nilijua kwa breki kabla sijamwona. Mume wangu Abdón alikuwa akilisimamisha polepole ili madebe yasigongane, lakini siku hiyo yaligongana yote. Nikatoka nje na mikono ya unga, nikamwona Eleuterio, dereva mwenzake, anashuka kofia mkononi. Sikungoja anifikie. Nilikaa kwenye kizingiti.

"Moyo, dada Otilia," alisema. "Kule Characato, tukisubiri madebe ya mwisho. Aliegemea ukuta kama anatafuta kivuli, akateremka nao mpaka chini."

Vitu vyake vilikuwa kwenye mfuko wa nailoni: koti, miwani, chakula nilichomfungia asubuhi kikiwa bado hakijafunguliwa, na kamera yake. Kamera ilikuwa na kamba. Nyumbani kwetu kamera ile haikuwahi kuwa na kamba. Hii ilikuwa nyembamba, ya kitambaa chenye mistari ya kijani na nyeupe, ina fundo mwishoni. Kitambaa kile nilikijua. Yeyote aliyewahi kunywa chicha, pombe yetu ya mahindi, upande ule wa barabara alikijua. Ndicho Nélida alichoshonea aproni zake.

Nililia, na majirani wakaja kunishika. Hawakujua kwamba nilikuwa nalia vilio viwili, na kimoja nilikuwa nimekikunja kiganjani.

Nélida ana mgahawa njiani, mjane kama mimi nilivyo sasa. Abdón alikuwa akila kwake mchana siku ambazo maziwa yalichelewa. Sikuwa na neno. Dereva lazima ale. Neno lilianza siku ya sikukuu ya Candelaria, tulipoingia pale nikaona picha ukutani, ndani ya fremu. Nélida kasimama mlangoni pake, mvuke wa chungu nyuma yake, mkono mmoja kiunoni. Unaweza kuhesabu kope zake. Juu ya mdomo kulikuwa na jasho, nalo pia ungeweza kulihesabu, tone kwa tone. Watu walisimama mbele ya picha ile na bilauri zao wakasahau kunywa.

"Kamera gani hii, bwana Abdón? Ya Wajerumani?"

"Ya plastiki. Ya sokoni."

"Acha uongo wako!"

"Kamera ndiyo ya plastiki," Nélida akasema kutoka jikoni, "mwanamke ni wa kweli."

Wote wakacheka. Abdón alicheka. Mimi nilimaliza chicha yangu na ya Abdón.

Na hakuwa anadanganya. Ilikuwa kamera nyeusi, nyepesi kama kiberiti, isiyo na kitu cha kuzungusha. Unachungulia, unabonyeza, basi. Tofauti ilikuwa kwake. Filamu moja ilimchukua toka Krismasi hadi Pasaka, kwa sababu hakubonyeza mpaka aone kitu kimestahili. Saa sita mchana hakumpiga mtu yeyote picha. Alisema jua letu saa hiyo linachimba macho yanabaki mashimo. Alimsimamisha mtu ndani ya mlango, kivulini, ukuta mweupe wa ng'ambo umrudishie mwanga usoni. Flashi aliibandika plasta isiwake. Viwiko mbavuni, pumzi kifuani, kidole kikashuka taratibu kama anayemgusa paka aliyelala. Padre alitoka vizuri. Wakamuaji walitoka vizuri, na ng'ombe wao.

Mimi nilitoka ukungu.

Ninazo zote kwenye kopo la biskuti. Mimi jikoni, mimi kitandani nasuka nywele, mimi uani na kuku kwapani. Paji la uso limekatwa, na kilichobaki hakishikiki kwa jicho. Katika picha za mume wangu mimi ni ukungu uliovaa hereni. Baada ya ile sikukuu nilimuuliza.

"Nélida umemtoa mpaka kope. Mimi mbona unanifuta?"

"Wewe hutulii, mama. Unacheka, unatikisika."

"Sijacheka."

"Basi sasa hivi unataka kucheka."

Akachukua kamera, akapiga nyingine palepale. Ilipotoka kusafishwa yalionekana meno na kidevu, navyo kwa kubahatisha. Niliitia kwenye kopo, nikafunga kifuniko kwa nguvu. Kuanzia hapo kila niliposikia jina la Nélida nilihisi kama kuna mtu kanikalia kifuani na hana haraka ya kuondoka.

Sasa mwaka umetimia. Mwezi uliopita wifi yangu Hortensia, dada yake Abdón, alikuja kuzungumzia misa na kadi za kumbukumbu, zile wanazopewa watu wakitoka kanisani. Kadi lazima iwe na uso wa marehemu. Tukapekua kabati zima. Mpiga picha hapigwi picha. Kulikuwa na ya arusi, hana hata ndevu, na ya kitambulisho.

"Hii ya kitambulisho," wifi alisema akiishika mbali, "kama mtu aliyekamatwa na mbuzi wa jirani."

"Itakuzwa."

"Ikikuzwa utamwona na mbuzi." Akajishughulisha na mkoba wake. "Nélida anayo moja. Nzuri. Nimeiona kwa macho yangu."

"Iko wapi?"

"Jikoni kwake. Juu ya kopo la chumvi."

Niliona jinsi anavyochota chumvi. Niliona mara ngapi kwa siku mpishi huchota chumvi.

"Heri aende bila uso," nikasema.

"Sawa, wifi. Tuchapishe lori." Alisimama, akavaa shali yake. "Huyo ni kaka yangu kabla hajawa mume wako. Mimi nataka kumuona, sijali nani alikuwa amesimama mbele yake."

Kwa wiki nzima sikwenda. Nilijaribu kuukumbuka uso wake bila picha, nikagundua kuwa kovu la kidevuni sikumbuki tena lilikuwa upande gani. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Nilichukua na kamera, na kamba yake, maana nilikuwa nimeamua kumrudishia mwenyewe mbele ya wateja wake.

Hakukuwa na mteja. Nélida alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, anaponda pilipili.

"Umechelewa mwaka mzima," alisema bila kuinua kichwa.

"Sijaja kula."

"Najua. Ungekuja kula ungebisha hodi."

Nikaweka kamera kwenye meza, kamba ikaning'inia. "Hii ni yako."

Aliitazama. Akataka kufuta macho, akakumbuka pilipili, akatumia kiwiko. "Kumbe alikufa nayo," alisema.

"Alikufa nayo. Nyumbani alikuwa anaivua. Kwenye lori anaifunga."

"Na wewe ukafikiri nini, Otilia?"

"Ulichotaka nifikiri. Ile siku ya sikukuu, na mkono wako kiunoni."

Alikaa kitako sakafuni. Nilidhani atacheka, maana ni mwanamke wa kucheka, lakini hakucheka.

"Sitakudanganya," alisema. "Nilimtaka. Nilimpakulia nyama ya juu kabla ya padre. Ningempata, shoga yangu, ungesikia. Mimi siwezi kunyamaza na kitu kizuri. Unajua yeye alinipa nini? Mwisho wa kamba nishike."

Akanyanyuka, akanawa, akachukua fundo akaliweka kifuani pake. "Shika kamera. Rudi nyuma. Rudi mpaka inyooke. Hapo. Kamera hii ina ugonjwa wa wazee, haioni kilicho karibu. Kuanzia hapo kwenda mbele inaona. Ukisogea huku ndani ya kamba, kila kitu kinakuwa maziwa. Na kichwa kinakatwa, maana dirisha la kuchungulia liko juu na jicho lenyewe liko chini. Aliharibu filamu mbili kujua hilo. Ndipo nikamkatia kamba ya aproni iliyochakaa. Unashika fundo, inanyooka, unaachia, anapiga. Kila mtu alipimwa. Padre alipimwa. Mkamuaji alishika fundo puani kwa ng'ombe, ng'ombe akataka kulila."

"Kila mtu," nikasema.

"Kila mtu. Miaka yote ile nilikuwa namsubiri avuke fundo. Hakuvuka hata kwa kusahau." Alianza kuikunja ile kamba mkononi, akaacha katikati. "Wewe nyumbani alikuwa anakupimia nini?"

"Nimekwambia nyumbani ilikuwa haina kamba."

"Na picha zako zikoje?"

"Zina ukungu."

"Zote?"

"Zote. Na kichwa hakuna."

Nélida alinitazama kwa muda mrefu. Sijawahi kutazamwa vile na mwanamke mwingine, wala sikuwa nimejua kwamba ninacho kitu cha kutazamiwa hivyo. Kisha akarudi kwenye jiwe lake, akasaga pilipili ambayo ilikuwa imeshasagika.

"Picha iko juu ya chumvi," alisema. "Chukua uende."

Niliichukua. Abdón kasimama palepale mlangoni, ukuta mweupe wa ng'ambo unamwangaza. Kovu liko upande wa kushoto. Nywele za nyusi ziko moja moja, na kofia ameisukuma nyuma kama alivyofanya akiwa hana haraka. Alikuwa amemwazima Nélida kamera, akashika fundo yeye, akasahau kuliachia. Kamba inatoka kifuani pake inakuja mbele, inaanza ukungu, inapotea ukingoni mwa picha. Anatazama aliyeshika kamera. Anatabasamu.

Ndiyo, liliniuma, na linaniuma ninapoandika. Nélida anao uso wake wote, na sisi wote tutakaopewa kadi tutatazamwa na Abdón kama alivyomtazama Nélida mchana ule. Mimi uso wake sina. Ninalo kopo la biskuti. Niliporudi nilizitandaza picha zangu kitandani, nikachukua ile ya kusuka nywele, nikajaribu kupima kwa mkono alikuwa amesimama wapi. Hakuwa amesimama. Kati ya ukuta na kitanda hakuna nafasi ya mtu kusimama. Alikuwa amekaa kando yangu, goti kwa goti.

Nilibaki nimekaa upande wangu wa kitanda mpaka Hortensia akagonga mlango.

"Umeipata?"

"Nimeipata."

Akaishika kwa mikono miwili, akaanza kulia, kisha akasema, "Muone alivyo! Muone huyu mjinga wangu." Halafu akauliza, "Na hii kamba ni ya nini?"

"Ya kupimia."

Jana tulikwenda kwa mchapishaji. Ni kijana mpole, ana mashine mpya, anaweza kumwondolea mtu hata chunusi. Aliiweka picha chini ya taa.

"Picha kali sana hii, mama. Kamera gani?"

"Ya plastiki."

"Haiwezekani." Akaweka kidole kwenye ukingo. "Hii kamba nitaifuta, inachafua. Nitamkata hapa kifuani, abaki uso."

Hortensia alisema sawa. Mimi nikasema hapana.

"Iache."

"Mama, watu watauliza."

"Waulize. Iache yote, kutoka kwenye fundo mpaka ukingoni. Nataka urefu wake uonekane."

Alinitazama, akaandika. Kadi zitakuwa tayari Ijumaa. Misa ni Jumapili alfajiri. Baadaye watu watakuja kwetu kula adobo ya nyama ya nguruwe, na chicha ataileta Nélida.