Henry na Roho ya Ismael

Huyo Henry wa mikopo ya simu, Mungu ndiye atakayenilipia. Mdogo wangu Ismael, fundi wa pikipiki pale Kyumbi, alikopa bila kutuambia, akaandika namba yangu na ya Mama kama wadhamini. Gari likamgonga, tukamzika hapa Machakos mjini. Matanga hayajaisha, Henry akanipigia.

"Madam, ambia Ismael alipe."

"Ismael amekufa."

"Wote husema hivyo. Nyinyi ni wezi tu."

Ati wezi! Damu ikanichemka. Nikamwambia sisi Waislamu hatuziki maiti kimyakimya. Kabla marehemu hajasaliwa, mjomba Abdulghani alisimama msikitini akatangaza kwamba anayemdai ajitokeze, maana roho ya mwenye deni hufungika mpaka deni lilipwe. Fundi viatu mmoja alijitokeza, akasamehe palepale. "Wewe ulikuwa wapi, mshenzi we?" Nikamkatia simu, nikajiona nimemweza.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu ulimponza mama yangu. Jioni nilimkuta jikoni, simu sikioni, machozi yanamtiririka. Henry alikuwa anamwambia kwa upole kabisa, "Mama, kijana wako hajapumzika. Roho yake imefungwa. Ni wewe tu unaweza kumfungulia."

Nililia kwa hasira. Mjomba akaja, akamweleza Mama kwamba deni atalibeba yeye, riba ya watu hao haimhusu marehemu, na Henry si shehe. Wapi! Mama hali, halali, simu ikilia anaikimbilia kabla yangu. Nilichukia hata mlio wake.

Juzi akazipeleka bangili zake za harusi kwa sonara, asimwambie mtu, akatuma pesa yote na riba juu. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta kwenye mkeka, simu iko mbele yake, spika imewashwa.

"Nimetuma zote, mwanangu," alikuwa anamwambia Henry. Mwanangu! "Sasa niambie, Ismael wangu ameachiliwa?"

Nyuma ya Henry nilisikia ofisi nzima, watu wanatukana watu kwa simu. Akapiga mwayo.

"Ngoja kidogo, mum. Sistimu bado haijaonyesha."

Nikanyoosha mkono niikate. Mama akaiwahi simu, akaikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Haya, baba," akamwambia. "Nangoja."